Muulizeni Karani: Mabwana wa Kisamurai Waliozaa Mashujaa wa Filamu

Hii ni hotuba nzima, imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba nitawauliza maswali: asanteni kwa kuja.

Nianze na jina ambalo wengi wenu mmelizoea tangu tamthilia ya Shōgun ya mwaka 2024. Toranaga. Bwana mwenye uso uliotulia, anayewinda kwa mwewe, asiyemwambia mtu anachowaza. Toranaga hajapata kuishi duniani. Aliyeishi ni Tokugawa Ieyasu, bwana wa vita wa Japani, aliyezaliwa 1543 na kufariki 1616. James Clavell alipoandika riwaya ya Shōgun, iliyotoka 1975, alimchukua mtu huyu karibu mzima mzima, mwewe wake na ukimya wake, akambadilisha jina. Na si yeye peke yake aliyechukuliwa hivyo. Takeda Shingen amechukuliwa, Mōri Motonari amechukuliwa, Oda Nobunaga ndiyo kabisa, huyo amekuwa shujaa na shetani mara nyingi hata hesabu haina maana.

Swali langu la leo ni moja. Msimulizi anapomshika bwana wa vita na kumfanya shujaa, anachukua nini, na anaacha nini?

Jibu nalitoa mapema, atakayesinzia asinzie akiwa nalo. Anachukua upanga, anamwacha karani. Yule mtu aliyekaa pembeni na brashi na wino, anayehesabu magunia, anayeandika barua, anayejua mtoto wa nani amewekwa rehani kwa nani. Mimi nadai kwamba mabwana hawa walishinda kwa mkono wa karani kuliko kwa mkono wa upanga. Kwa hiyo leo, kila tutakapokutana na shujaa, tutageuka pembeni na kumuuliza karani wake.

Karani atawaambia kwanza habari za mchele.

Sisi Waswahili hatuna neno moja la kitu hiki, sivyo? Shambani ni mpunga, ghalani ni mchele, sahanini ni wali. Wajapani nao vivyo hivyo: ine shambani, kome ghalani, meshi bakulini. Na katika Japani ya mwisho wa karne ya 16, ukubwa wa bwana ulitajwa kwa kome. Kipimo kiliitwa koku: lita 180 hivi, karibu kilo 150, yaani gunia moja na nusu la kilo mia. Ilichukuliwa kwamba koku moja humlisha mtu mmoja mwaka mzima. Hapa wasomaji wengi huteleza, kwa hiyo nisimame kidogo: mkisikia bwana fulani ni wa koku 100,000, huo si mfuko wake. Ni makadirio ya mavuno yote ya nchi yake. Mkulima anakula humo, bwana anatoza sehemu yake humo, na katika sehemu hiyo anawalipa watu wake. Wanaokadiria majeshi ya wakati ule hutumia kanuni rahisi: watu 250 hadi 300 kwa kila koku 10,000. Ukiijua hesabu ya mchele, unajua bwana ataleta watu wangapi uwanjani kabla hajavaa deraya.

Na watu hao wakishafika uwanjani, wanakula nini? Kuna kitabu cha mafunzo ya askari wa miguu cha karne ya 17 kinachotaja posho ya siku moja: mchele go sita kwa mtu, na go moja ni mililita 180, chumvi go moja kwa watu kumi, miso, ile soya iliyochachushwa, go mbili kwa watu kumi. Go sita za mchele hazipungui sana kilo moja. Jeshi la watu 10,000, basi, linameza tani 9 za mchele kwa siku. Farasi wa mizigo anabeba kilo 130 hivi. Pigeni hesabu: farasi karibu 70, kwa mchele wa siku moja tu, na farasi nao wanakula.

Kitabu hichohicho kinaonya jambo ambalo sijaliona kwenye filamu hata moja. Usimpe askari mchele wa siku kumi kwa mpigo. Kwa nini? Ataupika pombe. Naam. Mnywaji atauchachusha wote, atalewa kwa furaha, halafu atakufa njaa. Mpe wa siku tatu, nne, basi. Na kinaeleza kamba ya kufungia mizigo iliyosukwa kwa mabua ya magimbi, yakachemshwa kwenye miso na kukaushwa. Njiani ni kamba. Mkifika kambini unaikata vipande, unavitupa kwenye maji ya moto, ni mchuzi. Askari amefunga mzigo wake kwa chakula cha jioni.

Sasa twende kwa mabwana wenyewe, na wa kwanza ni Takeda Shingen wa Kai, nchi ya milima isiyo na pwani, leo mkoa wa Yamanashi. Alizaliwa 1521. Mwaka 1541 alimfukuza baba yake mzazi nchini, akakalia kiti. Bendera yake ndiyo ile yenye maneno ya Sun Tzu, yule Mchina aliyeandika juu ya vita: mbio kama upepo, kimya kama msitu, kali kama moto, haitikisiki kama mlima. Jirani yake na hasimu wake wa kaskazini, Uesugi Kenshin, alipigana naye mara tano mahali paitwapo Kawanakajima kati ya 1553 na 1564. Katika vita vya nne, mwaka 1561, wanasimulia kwamba Kenshin aliingia na farasi hadi kambini kwa Shingen, akamshambulia kwa upanga, na Shingen akaukinga kwa upepeo wake wa kivita, akiwa ameketi. Sanamu yao wakiwa katika tendo hilo imesimama mpaka leo mjini Nagano. Msimulizi gani ataliacha jambo kama hilo?

Lakini shujaa wa Kurosawa Akira katika Kagemusha, yaani shujaa kivuli, filamu ya 1980, ametoka kwenye kifo cha Shingen. Bwana anafariki mwaka 1573 akiwa vitani, na inasemekana aliusia kifo chake kifichwe miaka mitatu. Katika filamu, mwizi anayefanana naye anavikwa nguo zake na kuketishwa kitini. Anadanganya jeshi, anadanganya mjukuu, karibu ajidanganye mwenyewe.

Muulizeni karani: mlimfichaje bwana aliyekufa? Kumbukumbu za ukoo wa Takeda, zilizokusanywa baadaye, zina jibu lililo kavu na la kuaminika kuliko mwizi. Shingen aliacha karatasi 800 tupu, zimeshatiwa saini yake. Barua ikija, karani anachukua karatasi moja, anaandika jibu juu ya saini, anatuma. Mtu anayejibu barua yuko hai. Kivuli cha Shingen kilikuwa rundo la karatasi! Majirani walianza kunong'ona kabla mwaka haujaisha, kwa sababu karatasi hujibu barua lakini haipandi farasi.

Na kitu cha Shingen kilichodumu kuliko bendera yake ni matuta ya kuzuia mafuriko. Hapa nitakaa kidogo, mtanisamehe.

Tatizo lilikuwa hili. Mto Midai unashuka mlimani kwa kasi na kuugonga mto Kamanashi ubavuni. Mvua kubwa ikinyesha, Kamanashi unasukumwa kando na kuingia bonde la Kofu, penye mashamba. Mtu mwenye haraka angejenga tuta moja refu, nene, lisilo na mwanya. Lingeshika miaka kadhaa, kisha lingepasuka mahali pamoja, maji yakaingia kama ukuta, na yakishaingia hayana njia ya kutoka. Mafundi wa Kai walianzia juu. Waliuchimbia Midai njia mpya ili ukajipige kwenye mwamba uitwao Takaiwa na kupoteza nguvu hapo, kabla ya kukutana na mwenzake. Upande wa chini wakajenga matuta mafupi mafupi yanayopishana kama vigae vya paa, kati ya tuta na tuta pana mwanya. Maji yakipanda, sehemu yake hurudi nyuma taratibu kupitia mwanya, hutuama, huacha tope la rutuba. Mto ukishuka, hutoka kwa mwanya uleule. Penye mkondo mkali waliweka vigogo vilivyofungwa vikasimama kama pembe za ng'ombe, vikagandamizwa kwa vikapu virefu vya mianzi vilivyojaa mawe, ili kuuvunja mkondo kabla haujafika kwenye tuta.

Kazi ilianza miaka ya 1540 na ikachukua karibu miaka 20. Halafu ikaja shida ambayo kila mjenzi wa serikali anaijua: nani atalitunza? Mwaka 1560 Shingen aliwasamehe ushuru wa nyumba watu watakaohamia Ryūō, kando ya tuta. Kisa cha msamaha? Mtu aliyejenga nyumba mgongoni mwa tuta hahitaji kuamrishwa alikague. Na kila mwezi wa nne kuna sherehe ambamo watu hubeba madhabahu mabegani, wakipiga vishindo kwa miguu juu ya tuta. Dini, ndiyo. Lakini tuta la udongo linapenda nini kama kushindiliwa?

Nchi isiyo na pwani ina udhaifu mwingine: haina chumvi. Shingen alipovunja urafiki na ukoo wa Imagawa mnamo 1567, mabwana wa pwani ya kusini walimfungia chumvi. Kenshin, hasimu wake, hakufunga ya kwake. Hapo ukazaliwa msemo wa Kijapani ambao mpaka leo maana yake ni kumsaidia mshindani akiwa taabani: kumpelekea adui chumvi. Wasimulizi wakaongeza kwamba Kenshin alisema yeye hupigana kwa upinde, hapigani kwa chumvi. Maneno mazuri. Karani angeongeza jambo moja tu: wafanyabiashara wa Echigo, nchi ya Kenshin, waliendelea kuuza. Kuuza, ndugu zangu. Njia kuu ya chumvi ilipofungwa kusini, soko la kaskazini lilikuwa na faida yake pia.

Wa pili ni Mōri Motonari, wa magharibi ya Japani, upande wa Hiroshima ya leo. Huyu mnamjua hata kama hamjui kwamba mnamjua. Mzee anawaita wanawe watatu. Anampa kila mmoja mshale, wanauvunja. Anafunga mishale mitatu pamoja, hawawezi. Sisi tungesema kidole kimoja hakivunji chawa, tukaendelea na safari. Kurosawa aliuweka mkasa huu mwanzoni mwa filamu yake Ran ya 1985, akaugeuza: mwana wa tatu anaiweka ile mishale gotini na kuivunja yote. Timu ya mpira ya Hiroshima inaitwa Sanfrecce: san ni tatu kwa Kijapani, frecce ni mishale kwa Kiitaliano.

Wengine husimulia kwamba mishale hiyo ilitolewa mzee akiwa kitandani anakata roho. Motonari alikufa 1571. Mwanawe mkubwa, Takamoto, alikufa 1563. Sasa mshale wa tatu alipewa nani?

Kilichopo ni barua. Iliandikwa mwaka 1557, Motonari akiwa na miaka 60, ina vipengele 14, na haina mshale hata mmoja. Ni ndefu, ina nung'uniko la mzazi aliyechoka, na kwa maoni yangu ni bora kuliko mishale. Anawaambia wanawe wasidhani kuna anayeutakia mema ukoo wa Mōri: katika nchi nyingine hayupo, na hata ndani ya nchi yao wenyewe hayupo. Anakiri kwamba ameua watu wengi na kwamba malipo yake hayana budi kuja. Anawahimiza wawe na ibada, kwa kuwa yeye mwenyewe kila asubuhi hulisalia jua.

Na kwa nini aliandika? Hapo ndipo penye kiini, na ndipo filamu inapopitia juu juu. Motonari alipanua nchi yake kwa kuwapa watoto wake kwenye koo nyingine. Mwana wa pili, Motoharu, alipelekwa kurithi ukoo wa Kikkawa. Wa tatu, Takakage, akarithi ukoo wa Kobayakawa. Koo mbili zikaingia mkononi mwake karibu bila vita. Ila mtoto uliyempa jina la nyumba nyingine, akina nani sasa ni watu wake? Barua yote inazunguka hapo: nyinyi wawili mna majina mengine, lakini ni ya kuazima, msilisahau la Mōri.

Shikeni majina hayo mawili. Kikkawa. Kobayakawa. Tutakutana nayo baada ya miaka 43.

Haya, turudi kwa Ieyasu, yaani kwa Toranaga.

Mnajua alivyolelewa? Kama mateka. Akiwa na miaka kama mitano alitumwa kwa ukoo wa Imagawa kuwa rehani ya uaminifu wa baba yake. Njiani akanyakuliwa, akauziwa upande wa Oda, akakaa huko miaka miwili, kisha akarudishwa kwa Imagawa. Alikaa humo hadi 1560, Oda Nobunaga alipomuua Imagawa Yoshimoto huko Okehazama kwa shambulio la ghafla baada ya dhoruba ya mvua. Mtu aliyekuwa mateka tangu utotoni mpaka kuoa na kupata mtoto anajua bei ya mateka. Haishangazi kwamba utawala wa ukoo wake, kufikia 1635, ulikuwa na sheria iliyowalazimu mabwana kuishi Edo, Tokyo ya leo, kwa zamu huku wake na watoto wao wakibaki humo moja kwa moja.

Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani nzima, alifariki 1598 akaacha mtoto wa miaka mitano. Wakubwa waliokula kiapo kumlinda mtoto wakagawanyika: Ieyasu upande mmoja, Ishida Mitsunari upande wa pili. Mitsunari ndiye Ishido wa riwaya. Julai na Agosti 1600 alijaribu kuwakamata wake za mabwana waliokuwa Osaka. Mke wa Hosokawa Tadaoki, aliyebatizwa Gracia, alikataa kutekwa. Dini ilimkataza kujiua, kwa hiyo mtumishi wa nyumba ndiye aliyemuua, nyumba ikachomwa. Ndiye Mariko wa riwaya. Mapenzi yake na baharia Mwingereza hayakuwepo. Baharia alikuwepo: William Adams wa Gillingham, aliyefika Aprili 1600 kwenye meli Liefde, mabaharia ishirini na ushei wakiwa hai na wachache tu wakiweza kusimama. Katika riwaya anafundisha kikosi cha bunduki. Jamani! Wajapani walizipata bunduki za utambi kwa Wareno mwaka 1543, na wakawa wanazifua wenyewe kwa maelfu kabla Adams hajazaliwa. Alichowapa ni alichokuwa nacho, ufundi wa meli: alimjengea Ieyasu mbili, ya kwanza ya tani 80, akapewa shamba la Hemi la koku 250, akafia Hirado mwaka 1620.

Sasa vita vyenyewe. Ieyasu alipopata habari za Mitsunari alirudi Edo. Akafanya nini? Filamu ingemrukisha juu ya farasi. Yeye alikaa Edo karibu mwezi mzima. Aliandika barua. Zaidi ya mia moja, kwa mabwana wa kila upande, wa kwake na wa adui. Huyu anaahidiwa ardhi, yule anaahidiwa kutoguswa. Date Masamune wa kaskazini, yule wa jicho moja na kofia yenye mwezi mwandamo, aliandikiwa wilaya saba, ambazo pamoja na alizokuwa nazo zingemfikisha zaidi ya koku milioni moja. Vita vilipokwisha alipata sehemu ndogo sana, kwa kuwa alionekana kuchochea uasi kwa jirani wakati wengine wanapigana. Mkiona kitambaa cheusi kwenye jicho lake, hicho nacho ni cha filamu. Ndui ndiyo iliyomla jicho, na aliagiza picha zake zichorwe na macho yote mawili.

Tarehe 21 Oktoba 1600, asubuhi ya ukungu, majeshi yakakutana Sekigahara. Ieyasu hakuwa na jeshi lake kubwa: mwanawe Hidetada, mwenye watu kama 38,000, alikuwa amekwama kwenye ngome ya Ueda akibishana na ukoo wa Sanada wenye watu elfu chache, akachelewa vita vyote. Ukitazama ramani tu, Ieyasu ameshindwa. Mbele yake Mitsunari. Ubavuni, juu ya mlima Matsuo, Kobayakawa Hideaki na watu kama 15,000. Nyuma yake, juu ya mlima Nangū, jeshi la Mōri. Yuko ndani ya mtego.

Ila mmeyasikia majina? Mlima Matsuo amekaa Kobayakawa, mrithi wa kulelewa wa yule mwana wa tatu. Na mbele kabisa ya jeshi la Mōri, mlangoni pa njia ya kushukia, amekaa Kikkawa Hiroie, mtoto wa yule mwana wa pili. Wote wawili wameshaandikiana na upande wa Ieyasu.

Kikkawa hakusogea. Na kwa kuwa yeye ndiye mlango, hakuna aliyeweza kupita. Nyuma yake kijana Mōri Hidemoto, mkuu wa jeshi, alikuwa akiulizwa na wenzake: mbona hatushuki? Inasimuliwa kwamba alikosa la kusema, akajibu askari wanakula. Wanakula! Milio ya bunduki inasikika bondeni, na watu zaidi ya 20,000 wanakula chakula cha mchana kisichokuwepo. Wajapani wanaliita hilo bento tupu la Bwana Saishō, kwa cheo chake; bento ni chakula cha kufungasha. Huyu Kobayakawa naye, kijana wa chini ya miaka 20, alishuka mlimani na kuwapiga wenzake wa jeshi la magharibi, yaani upande wa Mitsunari. Filamu hupenda Ieyasu amfyatulie bunduki ili kumwamsha. Wanahistoria wengi sasa wanakitilia shaka kisa hicho. Kufika alasiri mapema, kazi imekwisha. Mkuu wa jina wa jeshi la magharibi, aliyebaki Osaka bila kufyatua risasi, alikuwa Mōri Terumoto: mtoto wa yule mwana wa kwanza.

Mishale mitatu. Wawili waliokodishwa majina ndio waliofungua mlango. Kikkawa alifanya hivyo kwa ahadi kwamba nchi ya Mōri haitaguswa. Ngome ya Osaka ilipofunguliwa zikapatikana barua zenye mkono wa Terumoto mwenyewe, na Ieyasu akaifuta ahadi. Ukoo ukashuka kutoka koku milioni 1.2 hivi hadi chini ya laki nne. Barua iliwaokoa, barua ikawazamisha.

Nampita haraka Saigō Takamori, aliyezaa yule Katsumoto wa The Last Samurai ya 2003. Katika filamu wanazidharau bunduki. Uasi wa Satsuma wa 1877, aliouongoza Saigō, ulianza kwa sababu ya risasi: serikali ilituma meli kuhamisha shehena kutoka kwenye ghala za Kagoshima, vijana wakavamia ghala. Walibaki na mapanga tu mwishoni, Septemba, baada ya kuishiwa. Kuishiwa na kudharau ni vitu viwili.

Na sasa yule mliyekuwa mkimsubiri. Nimewaona. Yasuke.

Mwafrika huyu alifika Japani 1579 na padri Mjesuiti Alessandro Valignano. Mjesuiti Mfaransa François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji, na Valignano kweli alitia nanga Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1574 akielekea Goa. Kwa hiyo pwani yetu inaingia mlango wa mbele. Machi 1581, mjini Kyoto, watu walisukumana kumwona hadi wakauvunja mlango wa nyumba ya mapadri. Nobunaga alisikia kelele, akamwita, akamvua nguo hadi kiunoni na kuamuru asuguliwe, akidhani ni wino. Haukutoka. Akamchukua.

Siku hizi Yasuke ana katuni yake na mchezo wake wa kompyuta, na kote anakata watu kwa upanga mrefu. Huku nje watu wanabishana usiku kucha: alikuwa samurai, hakuwa samurai? Muulizeni karani! Nakala moja ya kumbukumbu za Nobunaga inasema alipewa kisu kirefu chenye ala ya mapambo, nyumba, na fuchi. Shajara ya Matsudaira Ietada, mtu wa Ieyasu, ya mwezi wa tano 1582, nayo inamtaja akiwa safarini na Nobunaga, jina Yasuke, urefu uliozidi sentimita 180, na neno lilelile: fuchi. Fuchi ni nini? Ni posho anayopewa mtu wa nyumba ya bwana. Na kipimo chake cha kawaida ni go tano kwa kichwa, kila siku.

Za mchele.

Tarehe 21 Juni 1582 jenerali Akechi Mitsuhide, baba yake Gracia, alimgeuka Nobunaga katika hekalu la Honnō-ji, na Nobunaga akajiua humo. Yasuke alikwenda kupigana kwenye nyumba ya mwana wa bwana wake, akapigana kwa muda mrefu, mpaka mtu wa Akechi alipomwambia atoe upanga, akautoa. Akechi akaulizwa afanywe nini. Akajibu kwa dharau kwamba huyu ni mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani. Msimuue, mpelekeni kanisani kwa mapadri. Barua ya Wajesuiti ya mwaka ule inaishia hapo kumhusu, na posho yake ya go tano haionekani tena katika daftari la bwana yeyote.

Maswali sasa. Nimeona mkono wa dada kule karibu na mlango.